Nyumba Yenye Magurudumu: Mazungumzo ya Singida Mjini

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea magharibi hupita Manyoni, kisha hupinda kaskazini, na baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 240 huyaona mawe ya Singida kabla hajauona mji wenyewe. Ni majabali makubwa ya itale, yamekaa moja juu ya jingine kana kwamba mwashi aliyapanga kisha akaenda zake. Mji umeinuka zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upepo wake haulali, na asubuhi za mwezi wa Juni mgeni wa pwani huulizia koti. Hapo hapo mjini pana maziwa mawili yenye maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na katika majira yake heroe hushuka kwa wingi ukingoni, maji yakageuka rangi.

Wenyeji wa mji huu, Wanyaturu na Wanyiramba na wengine waliohamia, wanasifika kwa alizeti na mafuta yake, kwa vitunguu, kwa asali na kwa kuku wa kienyeji. Lakini Singida ni njia panda pia. Barabara moja yaenda Nzega, na kutoka huko Mwanza, Rwanda na Burundi. Nyingine yapita Katesh, chini ya mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hata Babati na Arusha. Kwa sababu hiyo, mtu akikaa kivulini penye barabara kwa saa moja tu, ataona kila namna ya gari litembealo katika Afrika ya Mashariki.

Katika magari hayo, mara moja moja, hupita jamii ambayo vijana wa Singida hawakosi kuizunguka: nyumba yenye magurudumu. Ni gari la wageni kutoka Ulaya, ambalo ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, sanduku la barafu na hata choo. Wenye gari huegesha karibu na ziwa, wakachemsha chai yao, wakalala, na asubuhi wakaondoka. Wasiwe na haja ya hoteli wala ya mwenyeji. Na swali la kwanza la kijana ni lile lile siku zote: “Hii yauzwa kiasi gani?”

Ndugu wasomaji, katika nyumba moja tuliyokaribishwa mjini humo, swali hilo halikuwa la upuuzi. Mwenye nyumba ni mkulima wa alizeti na mkamuzi wa mafuta, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto watano. Kwa muda wa miaka mingi ameweka akiba. Mama yake mzee, anayekaa naye, ana dada aliye Tanga ambaye hawajaonana tangu zamani. Miguu ya bibi huyo haiwezi tena kuvumilia kukaa ndani ya basi kutwa nzima. Mtoto mkubwa wa kiume, aliyeliona gari la wageni kando ya ziwa Singidani, akamwambia baba yake: “Baba, tukiwa na gari kama lile, Bibi atalala njiani, nasi sote tutakwenda pamoja kila likizo ya Desemba.” Baba hakumcheka wala hakumkaripia. Alisema, “Leteni daftari, tuhesabu.” Nasi tukahesabu pamoja nao, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya hesabu, yafaa tukumbuke kwamba jambo lenyewe si geni sana. Waingereza huiita nyumba ya kukokotwa nyuma ya motokaa kwa jina la karavani, na neno hilo lilitoka katika Kiajemi, likiwa na maana ya msafara. Misafara ya namna hiyo ilipita zamani katika nchi hizi, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora kwa njia ya Ugogo na Kilimatinde, kusini mwa mkoa huu wa leo wa Singida, watu wakiwa na mahema yao mabegani. Katika mwaka 1950 kiwanda cha Volkswagen kule Ujerumani kilianza kutengeneza lile gari tulijualo kwa jina la Kombi, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia vitanda na makabati. Tangu hapo familia za Ulaya zikazoea kusafiri na nyumba zao.

Sasa twende kwenye bei. Gari jipya la namna hiyo, kule Uingereza, kwa kawaida huuzwa pauni 60,000 na kuendelea. Hata tukiihesabu pauni moja kuwa shilingi 3,000 tu, nayo miaka hii imezidi hapo, tutapata shilingi milioni 180, gari likiwa bado liko ng’ambo. Hapana budi kuongeza nauli ya meli na bima ya baharini, kwa kuwa forodha ya Tanzania huitoza kodi jumla ya vyote vitatu.

Kodi zenyewe hupandana kama mawe ya Singida. Kwa kanuni za miaka hii, ambazo huweza kubadilika kila bajeti ya Juni, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu ya hapo, gari lenye injini inayozidi ujazo wa sentimita 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Kisha juu ya jumla hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Basi gari lililofika bandarini kwa shilingi 100 huwa 125, kisha 137 na nusu, kisha 162 na robo, mbali na tozo nyingine ndogo ndogo. Na mtu akisema, “Nitanunua kuukuu ili nipate nafuu,” ajue kwamba gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, shilingi 100 zake hufikia zaidi ya 206. Yaani hununua gari moja kwa bei ya mawili.

Watoto walinyamaza. Kisha yule kijana akaleta shauri la pili, nalo ndilo wengi wetu katika nchi hizi hulifikiria: kununua Hiace iliyotumika, kuondoa baadhi ya viti, kuweka kitanda na jiko dogo. Shauri hili lina akili. Vipuri vya Hiace hupatikana Singida, na fundi wake yupo kila mtaa, bali sanduku la barafu la gari la Ulaya likiharibika hapa, nani atalitengeneza? Tena gari la Kijapani lina usukani kulia kama sheria ya barabara zetu inavyotaka, ambapo mengi ya Ulaya Bara yana usukani kushoto.

Basi tukaandika mfano. Tuseme gari hilo, pamoja na kodi na useremala, limefika nyumbani kwa shilingi milioni 40. Tuseme likitunzwa miaka 10 litauzwa milioni 15. Kwa hiyo milioni 25 zimeliwa, sawa na milioni mbili na nusu kwa mwaka. Bima, matairi, betri na fundi, tuseme milioni moja na nusu. Jumla ni milioni 4 kila mwaka, kabla hata ya kutia tone la mafuta. Na safari ya Tanga, kwa njia ya Babati, Arusha na Korogwe, ni kiasi cha kilomita 760 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ikiwa gari litakwenda kilomita 10 kwa lita, na lita ni shilingi 3,000, mafuta peke yake ni shilingi 456,000.

Hapo mama wa nyumba, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza siku ngapi kwa mwaka gari hilo litasafiri. Wakahesabu: Juni ni wakati wa kuvuna na kukamua alizeti, hakuna atokaye. Zimebaki siku 10 za Desemba. Milioni 4 kugawanya kwa siku 10 ni shilingi 400,000 kwa siku moja. Mama akasema, “Basi siku 355 litalala uani, na fedha zetu zitalala humo humo.”

Twaona neno hilo ndilo kiini cha mashauri yote ya namna hii. Watu wengi huuliza bei ya kitu, nao huacha kuuliza siku zake. Mwenye duka, mwenye shamba na mwongoza watalii hulitumia gari kila siku, na kwao gharama yake hugawanyika hata ikawa nyepesi. Bali mwenye kulitumia siku kumi hulipa kwa ajili ya siku zile zingine ambazo halimpi kitu. Na hatari huzidi ikiwa limenunuliwa kwa mkopo wenye riba, ambao dini yetu imeukataza, na ambao hata asiye wa dini yetu huona jinsi unavyokula usiku na mchana gari likiwa limesimama.

Kuna watu wanaoishi kweli katika nyumba za magurudumu, nao hupita Singida kila siku. Ni madereva wa malori makubwa yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, ambao hulala katika kitanda chembamba nyuma ya kiti chao. Mmoja wao, tuliyezungumza naye alipokuwa akipumzika, alituambia kuwa kitanda hicho hakimpungukii kitu ila watu. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba safari ina mashaka yake, na kwamba msafiri akiisha kutimiza haja yake na afanye haraka kurejea kwa jamaa zake. Dereva yule aliijua maana ya mafundisho hayo kuliko sisi tuliokuwa tukimsikiliza.

Tena mila zetu zina hazina ambayo haikuandikwa katika daftari lile. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, mbali mno na kwao Tanja. Hakuja na nyumba yake. Katika safari zake nyingi alipokewa na masultani, makadhi na watu wa zawia. Nasi hata leo, Mtanzania asafiripo huuliza kwanza, “Nani wetu yuko huko?” Kwa hakika wema huo una mipaka, na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni afikaye na debe la mafuta ya alizeti, chupa za asali na jogoo wa Singida, tena akashika jembe mwenyewe, hawi mzigo kwa mtu.

Basi walikata shauri gani? Bibi alipoulizwa alijibu kwa maneno machache: “Mimi nataka kumwona ndugu yangu kabla mmoja wetu hajatangulia. Gari la nani, hilo halinihusu.” Baba akatafuta mtu wa mjini mwenye Hiace nzima na dereva mwangalifu, wakapatana shilingi 1,600,000 kwenda na kurudi, mafuta yakiwamo. Bibi atakaa kiti cha mbele kinacholala nyuma, mkanda ukiwa umefungwa, nao watasimama kila baada ya saa mbili ili anyooshe miguu. Usiku wa kwanza watalala Moshi kwa jamaa. Mabasi yangewagharimu watu wanane kiasi cha shilingi 720,000, kwa mfano wa nauli ya 45,000. Ziada ile ni kwa ajili ya miguu ya mama mzazi, wala hakuna aliyeiita hasara. Tena ni pungufu kwa zaidi ya milioni mbili kuliko gharama ya gari lao wenyewe kwa mwaka. Akiba iliyosalia imeandikwa sehemu mbili: karo ya binti mkubwa anayetazamia chuo, na hija ya baba na mama, Mungu akipenda.

Wasomaji wetu wapenzi, hatusemi kwamba kila anunuaye gari la safari amefanya israfu. Ikiwa jamaa wanne au watano watalinunua kwa shirika, wakaandika mkataba wao mbele ya mashahidi, na kila mmoja akajua zamu yake na fungu lake la matengenezo, huenda siku za gari zikatosha kuilipa bei yake. Wala hatusemi watu wakae majumbani. Njia zimekuwa nyepesi: mtu wa Singida aendaye Dar es Salaam aweza kupanda basi hadi Dodoma, kisha kupanda treni ya umeme iliyoanza kufika huko mwaka 2024, ambayo nauli yake ya kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Tembeeni, mkaone ardhi ya Mwenyezi Mungu, mkawatembelee ndugu.

Lakini kabla ya kununua, vijana, hesabuni siku. Na nyinyi wazee, watoto wakileta ndoto zao msiwavunje moyo. Wapeni daftari na kalamu, mkae nao kama alivyokaa mzee yule wa Singida. Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu wa Desemba, na awakutanishe wale ndugu wawili wangali hai. Amin.