Kiondo cha Elfu Sita

Bango lilisema haya ni maonyesho ya bustani ya majira ya kuchipua. Nairobi, mwezi wa Oktoba. Sisi hatuna hayo majira. Tuna masika, tuna vuli, tuna ile baridi ya Julai ya kuvaa sweta mbili, halafu tuna jua. Lakini jakaranda zilikuwa zimeanza kumwaga maua ya zambarau barabarani, na nadhani aliyechora bango aliona hiyo inatosha. Kiingilio kilikuwa mia tano. Ndani kulikuwa na miche, vyungu, mbolea kwenye pakiti za kuvutia, watu wa kahawa, watoto waliopakwa rangi usoni, na kule mwisho karibu na vyoo, safu ya meza kumi na mbili chini ya kitambaa kilichoandikwa kwamba hapa ni pa wasanii wanawake wa nyumbani.

Meza ya tisa ilikuwa ya Mama na wenzake watano wa chama. Wametoka upande wa Machakos na viondo kwenye magunia, wakakodi pikapu saa tisa usiku. Mimi nilikuwa mtu wa M-Pesa na wa Kiingereza. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye chama chao tangu niache chuo mwaka wa tatu, na nikisema niliacha najipendelea. Karo ilikataa. Siku hizi naandika kwa malipo ya neno kwa neno. Nimewahi kuandika maneno elfu mbili kuhusu bima ya mbwa kwa mteja ambaye sijui hata yuko bara gani, kwa hivyo mambo ya kuuza saa zako kwa mtu asiyeziona nayajua kiasi.

Wacha nieleze kiondo kwanza, kwa sababu wengi wetu tumebeba kiondo na hatujui kilifikaje begani. Unaanza na mkonge. Jani linakwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani iishe zibaki nyuzi, nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa, zinatiwa rangi. Halafu zinasokotwa. Mama anasokotea kwenye paja, mkono ukienda mbele na kurudi, na ngozi ya hapo imekuwa laini kama ya kiti cha zamani. Uzi ukishakuwa tayari unaanza kusuka kutoka katikati ya kitako, unazunguka, unaongeza, unazunguka, mpaka ufike mdomoni. Hakuna mashine. Mikanda ya ngozi na urembo wa mdomo unapeleka kwa fundi mjini, ambaye karibu kila mara ni mwanamume, na ambaye hulipwa hapo hapo.

Sasa, siri yote iko kwenye unene wa uzi. Uzi mnene, kiondo kinaisha haraka. Uzi mwembamba, kiondo hichohicho, ukubwa uleule, kinaweza kukula wiki tatu. Ukivitazama ukiwa umesimama hatua tatu mbali, vyote ni viondo. Lazima uinue, upitishe kidole, ndio usikie tofauti. Cha uzi mwembamba unaweza kukikunja kama kitambaa na kikajirudisha chenyewe.

Saa nne asubuhi mteja wa kwanza akaja na dungusi mkononi. Kadungusi kadogo ka kutoshea kwenye kikombe, kameandikwa bei mia tisa, na alikuwa amekalipia bila kuuliza swali. Akashika kiondo cha elfu moja mia nane. Akakigeuza. Akasema, "Mama, bei ya mwisho ni ngapi?"

Simlaumu. Sisi wote wa Nairobi tumelelewa na Maasai Market. Pale unaambiwa elfu tatu, unacheka, unasema elfu moja, unaondoka polepole, unaitwa, mnamaliza elfu moja mia tano na kila mtu anajiona mjanja. Ni mchezo na una raha yake. Shida ni kwamba tumeubeba mpaka mahali ambapo mtu hajapandisha bei kwanza. Na tumeubeba kwa watu fulani tu. Mwenye dungusi alikuwa na kikaratasi kilichopigwa chapa na mashine ya kadi. Mama alikuwa na leso kiunoni. Siku nzima niliangalia watu walewale wakilipa bei kamili kwenye safu ya miche, halafu wakifika kwetu wanageuka kuwa mawakili.

Usiku ule kabla ya pikapu nilikuwa nimefanya hesabu kwenye daftari, si kwa ubaya, ni kwa sababu nilikuwa sina usingizi. Kiondo cha kawaida cha elfu moja mia nane: mkonge mia tatu, rangi mia moja, fundi wa ngozi mia tatu na hamsini. Inabaki elfu moja na hamsini. Mama husuka cha aina hiyo kwa saa kama 35, ukikusanya zile za jioni na za mchana wa Jumapili. Hiyo ni shilingi 30 kwa saa. Mtu akiomba apunguziwe mia tatu, hapunguzi mkonge. Mkonge umeshalipwa. Fundi ameshalipwa. Kitu pekee kilichobaki cha kupunguza ni saa za Mama.

Kilichotuokoa asubuhi ile ni mimea. Siku hizi kuna hii fasheni ya kuweka monstera ndani ya kikapu cha mkonge, pembeni ya kochi, picha inapigwa. Wale waliokuwa wamenunua mimea safu ya kwanza walifika kwetu na vyungu vya plastiki vyeusi wakitafuta pa kuvificha. Rafiki mmoja wa Mama, mwenye jicho la biashara kuliko sisi wote, alikuwa ameona hilo mapema, na chama kilikuwa kimekuja na vikapu vifupi vya uzi mnene, visivyo na mkanda. Mia nane kila kimoja. Mkonge mia moja na hamsini, rangi hamsini, saa kumi za kazi. Fanya hesabu: shilingi 60 kwa saa. Mara mbili ya kiondo, na humlipi fundi.

Akina mama walicheka sana. Mmoja alisema nyanya yake angeona kiondo kimewekwa ndani udongo na jani, angedhani nyumba hiyo imelogwa. Kiondo ni cha mahindi na maharagwe, ni cha kwenda nacho sokoni na kurudi nacho kimejaa. Lakini doo ni doo. Kufikia saa nane mchana siku ya kwanza nusu ya vikapu vya mimea vilikuwa vimeenda.

Na hapo ndipo niliona kitu ambacho bado kinanisumbua. Soko lilikuwa linawaambia hawa wanawake, kwa lugha rahisi ya pesa: sukeni kwa haraka, sukeni kwa uzi mnene, kile mnachokijua zaidi hatukihitaji. Halikuwa linasema kwa ubaya. Lilikuwa linalipa vizuri. Lakini fikiria mtu aliyesuka miaka 30, anayeweza kuleta mchoro kwenye mzunguko bila kuandika popote, anahesabu nyuzi kichwani huku anaongea nawe kuhusu harusi, halafu unamwambia kipaji chake kinalipwa nusu ya kile ambacho msichana aliyejifunza mwezi jana anaweza kufanya.

Ndio maana lile neno pale juu ya meza zetu, wasanii, lilinikaa vibaya. Si kwamba ni la uongo. Ni kwamba sijaona likibadilisha bei.

Kuna mwanamke ninayemfikiria mara nyingi nikiona neno hilo. Rosemary Karuga alizaliwa mwaka wa 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, halafu akarudi Kenya akafundisha shule kwa miongo mingi. Alipostaafu ndipo akarudi kwa kazi yake. Rangi zilikuwa ghali, kwa hivyo akatumia alichokuwa nacho jikoni: karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akazikata vipande vidogo na kuzibandika mpaka zikawa watu, kuku na mashamba. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, kule New York. Alifariki mwaka wa 2021. Uliza vijana kumi mjini kama wanamjua. Na kuna Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, ambaye hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, ufundi alioukuza kwa kujifunza kutoka kwa wafinyanzi wanawake wa Afrika, akiwemo Ladi Kwali wa Nigeria. Vyungu vya Odundo viko British Museum. Hakuna anayesimama pale akauliza bei ya mwisho.

Simaanishi kila kiondo kiende makumbusho. Namaanisha kwamba mkono ni uleule. Kinachobadilika ni chumba kilipowekwa, na kama kuna jina pembeni.

Turudi mezani. Mama alikuwa amekuja na kiondo kimoja cha uzi mwembamba. Kahawia, nyeusi, na mstari mmoja wa rangi ya chungwa unaopanda ukizunguka kama mtu anayepanda mlima kwa kupinda. Kilimchukua saa karibu 120. Alikiandikia elfu sita. Kwa bei hiyo, ukitoa mkonge na ngozi ya maana, anabaki na shilingi 40 kwa saa. Siku ya kwanza watu walikishika, wakakisifu, wakakirudisha. Msichana mmoja alipiga selfi nacho.

Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, watu wakianza kukunja hema, akaja mwanamume mmoja mpole. Aliinua kiondo, akapitisha kidole ndani. Nikajua huyu anaelewa. Akasema, "Mama, hii ni kazi safi. Nina ngiri mbili na nusu hapa, keshi."

Sasa hapa lazima nikwambie nilichokuwa nacho kwenye daftari. Ndugu yangu mdogo alikuwa ametumwa nyumbani Jumatano kwa deni la karo, shilingi 8,400. Mama alikuwa ameuza vikapu tisa na viondo viwili, jumla 10,800. Ukitoa fungu lake la meza, 1,000, na la pikapu, 700, na pesa ya mkonge, rangi na fundi aliyokuwa amekopa dukani, 3,300, alibaki na 5,800. Upungufu wa karo ulikuwa 2,600. Huyu mtu alikuwa ameshika 2,500. Mia moja tu ingebaki, na mia moja mimi nilikuwa nayo mfukoni.

Mimi ningeuza. Nasema hivyo mpaka leo. Mimi ndiye ninayejua karo ikikataa mtu anakuwa nani, na Mama anajua kwamba ninajua. Nilimtazama. Yeye alimtazama yule mteja, akasema kwa upole, "Hapana, baba. Hicho ni elfu sita." Akaongeza kwamba kuna vya elfu moja mia nane, vizuri pia. Mteja akatabasamu, akashukuru, akaenda.

Hatukuongea mpaka pikapu ilipopita Athi River. Nikamuuliza kwa nini. Nilitarajia hotuba kuhusu heshima, na ningemkasirikia, kwa sababu heshima hailipi shule. Hakusema hivyo. Alisema, "Mwanakwa, tuko sita. Nikiuza hicho kwa mbili na nusu, kesho mwenzangu akisuka kama hicho ataambiwa, mbona wa meza hii aliuza mbili na nusu? Hiyo ndiyo itakuwa bei. Halafu hakuna mtu atasuka uzi mwembamba tena. Mimi mwenyewe sitasuka."

Nikanyamaza. Ilikuwa hesabu, na ilikuwa kubwa kuliko yangu. Mimi nilikuwa nahesabu wikendi moja na mtoto mmoja. Yeye alikuwa anahesabu wanawake sita na miaka iliyobaki. Bado sijui ni hesabu gani iliyokuwa sahihi, na sidhani inawezekana zote mbili kuwa sahihi ukiwa na deni Jumatatu asubuhi.

Jumatatu alilipa zile 5,800. Chama kikamkopesha 2,600, ndugu yangu akarudi darasani Jumanne, na Mama akalipa mkopo kwa vikapu vya mimea, vitano, alivyosuka usiku kwa uzi mnene akisikiliza redio ya Kikamba. Hakulalamika. Vinaenda haraka, alisema, hata mtu hahitaji kufikiria.

Tangu hapo chama kimebadilisha kitu kimoja. Kila kiondo cha uzi mwembamba sasa kina kikaratasi kilichofungwa kwa mkonge: jina la aliyesuka, na idadi ya saa. Mimi ndiye huviandika, kwa mkono, na silipwi kwa neno. Wengine kwenye chama hawakupenda. Mmoja alisema ukimwambia mtu saa zako anakuonea huruma, na mtu akikuonea huruma atakupa pesa leo na kesho asirudi. Labda. Lakini nimeona watu wakisoma ile karatasi. Wanasoma jina, wanasoma 120, wanaangalia tena kiondo, na kwa sekunde chache hawaulizi kitu.

Kile cha elfu sita bado kimeangikwa kwenye msumari nyumbani, karibu na mlango. Wageni hukishika. Mama anapoulizwa kama ni cha kuuza, husema ndiyo, na hutaja bei.