Mtoto Ameendelea, au Amekua Tu?



Wengi wetu tulioko Uingereza tumewahi kupokea karatasi ya skuli inayoeleza kuwa mtoto ametiwa katika mpango maalumu wa kumsaidia kuandika, na mwisho wa muhula nyingine inayotubashiria kuwa amepiga hatua. Nilipoipata ya binti yangu wa miaka 10 nilishukuru, kisha nikajiuliza: hatua hiyo ameipiga kwa msaada wa mpango, au kwa kuwa umri umesonga?

Swali hilo si la ubishi. Mtoto ni kama mnazi, hurefuka bila ya kuvutwa. Kuiweka insha ya Septemba kando ya insha ya Machi hakutuambii mengi, maana hata asiyesaidiwa huandika vyema zaidi baada ya miezi sita. Ndiyo maana wataalamu humlinganisha aliyesaidiwa na mwenziwe wa hali moja ambaye hakusaidiwa.

Mfano tunao hapa hapa. Shirika la Education Endowment Foundation, lililoanzishwa mwaka 2011, lilitoa mwaka 2014 ripoti ya jaribio la wanafunzi 261 waliokuwa wakitoka skuli za msingi kuingia za sekondari. Kura ilipigwa: skuli nyingine zikapata mpango, nyingine zikaendelea na masomo yao ya kawaida. Tathmini haikufanywa na wenye mpango, bali na watu wa nje. Walioupata mpango walikadiriwa kuwatangulia wenzao kwa miezi 9. Mfanyabiashara angetangaza hapo na kufunga hesabu. Shirika likagharimia majaribio makubwa zaidi, na ripoti ya mwaka 2018 ikaonyesha kuwa faida haikuwa kubwa kama ile ya mwanzo. Kutoa habari isiyopendeza namna hiyo ndiyo amana ya elimu.

Njia yenyewe ina asili yake Marekani, katika kazi ya Karen Harris na Steve Graham. Mtoto hufundishwa kupanga mawazo, kuandika, kisha kuyasoma tena na kujisahihisha, mpaka aweze pasi na mwalimu. Katika jaribio lile watoto walipewa kwanza jambo la kuandikia: ziara ya mahali mashuhuri, au mgeni aliyepigana Vita Vikuu vya Pili. Nao Graham na Dolores Perin, walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2007, waliona kuwa kufundisha sarufi peke yake hakukuboresha uandishi wa wanafunzi.

Niliomba nionyeshwe insha za binti yangu. Ya pili ilikuwa ndefu na safi, yenye maneno ya kufungulia aya yaliyokaririwa, lakini ndani yake hamkuwa na lake hata moja. Wiki ile ile bibi yake alimsimulia uchumaji wa karafuu Pemba, naye akaandika kurasa mbili za Kiingereza kutokana na Kiswahili alichokisikia. Hilo nalo si ushahidi wa kutosha, kwani mtoto mmoja si jaribio. Lakini lilinionyesha kuwa mwenye la kusema hutafuta namna ya kulisema, na kwamba lugha ya nyumbani si adui wa insha ya skuli.

Basi tukutanapo na walimu, tuulize kwa adabu mambo matatu. Mtoto amelinganishwa na nani? Nani aliyesahihisha, na je, alijua ni yupi aliyesaidiwa? Faida ilipimwa tena baada ya mpango kwisha? Mwalimu mwema hatachukia kuulizwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na saa anazotolewa mtoto darasani kwa mpango usiofaa ni saa za hesabu na sayansi zisizorudi.