Mtera: Samaki, Mtumbwi na Mizani ya Haki

Wakazi wa Dodoma tumezoea kuyahesabu maji kwa ndoo. Mvua ya nyanda hizi za kati ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ikishakatika mito mingi hubaki michanga mitupu, hata mwenye ng'ombe hulazimika kufukua mchanga ili mifugo yake ipate kunywa. Ndiyo maana mgeni hushangaa anapoelezwa kwamba perege na kambale anaowaona katika Soko la Majengo hawakusafirishwa wote kutoka Mwanza au Kigoma, bali wengine wamevuliwa katika bwawa lililoko mpakani mwa mkoa huu huu na ule wa Iringa. Bwawa hilo ni Mtera, na huko ndiko kamati ya msikiti wetu ilikotutuma watu wanne, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, tukaangalie kama futari ya wanafunzi wa madrasa ingeweza kupata samaki moja kwa moja kutoka kwa wavuvi.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Iringa unapita mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, kisha nchi inazidi kuwa kavu: miba, mibuyu, na vilima vya mawe vinavyofanana na magunia yaliyopangwa ghalani. Unaipita Fufu, unaipita Chipogoro, na barabara inateremka taratibu kuelekea bonde la Ruaha Mkuu. Ghafla, takriban nusu ya njia ya kwenda Iringa, unayaona maji mapana yanayong'aa mahali ambapo macho yalishakata tamaa ya kuona unyevu.

Mtera ni kazi ya mikono ya watu. Ukuta wake ulijengwa kati ya mwaka 1975 na 1979, kuyazuia maji ya Ruaha Mkuu na mto Kisigo ili yatolewe kwa kipimo kwenda kituo cha umeme cha Kidatu, kilichoko chini zaidi ya mto. Baadaye Mtera yenyewe ikapata mitambo yake ya megawati 80. Bwawa likijaa huwa na urefu wa kilomita 56 na upana wa kilomita 15, na eneo lake hufikia kilomita za mraba 660. Lakini kwa kuwa bonde lenyewe ni tambarare, maji yake si ya kina kirefu sehemu nyingi. Ukame ukizidi, ufuko husogea mbali, na penye mtumbwi mwaka huu huenda pakawa malisho ya ng'ombe mwaka ujao. Miti iliyofunikwa na maji wakati bwawa linajaa ilibaki imesimama ikiwa imekufa, na visiki vyake ni hatari kwa kila chombo kinachopita juu yake bila kujua.

Mvuvi mmoja mtu mzima, aliyetuita "mashehe" tangu salamu ya kwanza hata tukashindwa kumrekebisha, alikubali kutuchukua wawili wetu katika mtumbwi wake alfajiri, baada ya swala. Wawili wengine walibaki mwaloni kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kupakia zaidi. Alituambia kuwa mtumbwi una haki yake, na haki hiyo ni idadi ya watu. Kabla ya kusukuma chombo alitupa maboya ya kuvaa, akamtaka mwenzetu aivue pete yake aitie mfukoni, akahakikisha kwamba kisu kimo ndani ya ala na ndoano zote zimechomekwa kwenye kipande cha ndala kuukuu. Kisha akatuonesha kopo la kutolea maji na kutuagiza tusilikalie.

Tulidhani ni mtu mwenye wasiwasi mwingi. Saa mbili baadaye tulimwelewa, kwani ndani ya mtumbwi hakuna jambo dogo. Samaki anapovutwa na mshipi, watu hutaka kumwona. Wakiinama wote upande mmoja, chombo hulala. Sheria yake ilikuwa kwamba mmoja anavuta na mwingine anakaa upande wa pili bila kunyanyuka, hata samaki awe mkubwa kiasi gani. Katika maji yenye mamba na viboko, kupinduka si jambo la kuchekwa ufukoni. Vilevile alivua asubuhi tu, kwa kuwa upepo wa mchana huyainua mawimbi juu ya maji haya mapana, na mtumbwi uliojaa samaki huwa umezama nusu kabla wimbi halijafika.

Kumshika samaki nako kuna elimu yake. Perege ana miiba migumu mgongoni, nayo huisimamisha anapoogopa. Mvuvi hupitisha kiganja kilicholowa kuanzia kichwani kwenda mkiani, ili miiba ilale, ndipo amkamate. Kambale hana magamba wala miiba ya mgongoni, naye huteleza kama sabuni. Silaha yake ni miiba miwili migumu, mmoja katika kila pezi la ubavuni nyuma ya kichwa. Anashikwa kwa kitambaa kibichi, kiganja kikiwa nyuma ya miiba hiyo, bila kukipitisha kidole mbele yake. Yupo pia yule samaki mdogo ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria humwita gogogo. Huyu ana miiba mitatu anayoifunga ikasimama wima, na aliyemkanyaga peku hasahau siku hiyo.

Jambo hili si la kudharauliwa. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikwenda kuvua huko kutafuta nauli ya chuo, akachomwa na kambale katika shina la kidole gumba. Alikifunga kitambaa kile kile alichofutia samaki, akaendelea na kazi siku tatu. Aliporudi nyumbani mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na miezi miwili ikapita hawezi kushika kalamu. Madaktari waliuokoa mkono, lakini kidole hakikunji tena sawasawa, na muhula ulimpita. Mama yake alitueleza kwamba angelijua mapema, angelimpa sabuni na nauli ya zahanati kabla ya kumpa sufuria. Ndugu wazazi, jeraha la mwiba wa samaki huoshwa papo hapo kwa maji safi na sabuni, si kwa maji ya bwawa. Kipande cha mwiba kilichobaki ndani hakichimbuliwi kwa kisu, na majeruhi hupelekwa zahanati siku ile ile, achunguzwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ndoano iliyomezwa huondolewa kwa koleo na si kwa vidole. Samaki mdogo asiyefaa kuchukuliwa hurudishwa akiwa hai, naye hushikwa kwa mikono iliyolowa, kwani ule ute ulioko juu ya ngozi yake ndio ngao yake dhidi ya maradhi. Mkono mkavu huung'oa. Yule anayechukuliwa, mzee wetu alimpiga kichwani mara moja kwa rungu fupi. Kambale huweza kuvuta hewa, na akiachwa juu ya ubao wa mtumbwi hukaa hai kwa saa nyingi akitaabika. Tunajua kwamba samaki tumehalalishiwa bila kuchinjwa. Lakini ruhusa ya kula bila kuchinja si ruhusa ya kutesa, na Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) ametufundisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuitoa roho ya mnyama. Rungu lile lina faida nyingine pia: samaki aliyetulia hamrushi mtu mwiba, wala haichezeshi mizani.

Na hapa ndipo tulipofika kwenye jambo lililotupeleka. Wapo wanunuzi wanaowafuata wavuvi majini kwa mitumbwi yao, wakapima na kulipa huko huko. Mizani yao ni ile ya kuning'iniza, yenye springi na ndoano. Mtu husimama katikati ya chombo, akainua mkono, na samaki akaning'inizwa kwa matamvua. Mzee alituonesha makosa mawili katika tendo hilo. La kwanza ni la usalama: aliyesimama na mzigo mkononi ameupandisha uzito wote juu, na wimbi dogo linatosha kumwangusha pamoja na wenziwe. La pili ni la haki: chombo kikiinuliwa na wimbi, mshale huonesha zaidi ya uzito wa kweli, kikishuka, huonesha pungufu. Basi muuzaji husoma mshale ukiwa juu na mnunuzi husoma ukiwa chini, kila mmoja akiapa kwamba ameona kwa macho yake, na wote wawili wakawa wamesema kweli kuhusu kitu kisicho kweli.

Kwa hiyo yeye hapimi majini. Samaki huwekwa chini katikati ya mtumbwi, wakafunikwa gunia bichi, na mizani husubiri nchi kavu, ikafungwa kwenye mti usiotikisika. Samaki hawaning'inizwi kwa matamvua yanayochanika, bali hutiwa katika mfuko wa wavu, na mfuko huo hupimwa kwanza ukiwa mtupu na umelowa, ili uzito wake uondolewe. Mwenye kulazimika kupima ndani ya chombo, basi apime akiwa ameketi, na asubiri mshale utulie. Usipotulia, asome katikati ya mpando na mshuko wake.

Mwaloni tulishuhudia ubishi. Mvuvi kijana alileta samaki kwa mnunuzi mmoja, akaona mshale umesimama chini ya alivyotarajia. Sauti zikapanda. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akisubiri zamu yake, hakumtetea yeyote kati yao. Alichukua dumu lake la lita tano, akalijaza maji hadi shingoni, akaomba litundikwe. Mama huyu alijua jambo ambalo kila mtoto wa Dodoma anaweza kulijua kutokana na ndoo ya nyumbani: lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu lile, pamoja na plastiki yake, halikupaswa kupungua kilo tano. Mshale ulisimama kwenye nne na nusu.

Watu walinyamaza. Mnunuzi akasema kwamba springi imechoka, na huenda ndivyo, kwani hatukupewa uwezo wa kusoma vifua. Lakini tukapiga hesabu pale pale. Mizani inayopunguza nusu kilo katika kila kilo tano huchukua kilo moja katika kila kumi. Mvuvi anayeuza kilo 10 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, hupoteza kilo 26 kila mwezi bila kuibiwa hata samaki mmoja. Hiyo ni ada ya mtoto, au ni kitoweo cha nyumba. Aliyezitoka kilo hizo alizivua gizani, penye viboko.

Waislamu hatuna udhuru wa kutolijua hili. Sura nzima ya Qur'ani, ya 83, imepewa jina la wapunjao vipimo, na kaumu ya Nabii Shuaibu (amani imshukie) ilionywa juu ya mizani kabla ya kuangamizwa. Katika nchi yetu sheria nayo imeliwekea jambo hili mlinzi. Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kuihakiki mizani ya biashara na kuitia alama, na mnunuzi ana haki ya kuiuliza alama hiyo kabla hajafungua pochi. Kuuliza si kumtuhumu mtu. Anayepima kwa haki hufurahi kuulizwa, kwa kuwa alama ile humwondolea dhana mbaya.

Tulirudi Dodoma jioni na samaki wa majaribio ndani ya sanduku la barafu, na usiku ule ule tukaieleza kamati tuliyoyaona. Kamati ilikubali kununua, kwa masharti yaliyoandikwa katika kumbukumbu za kikao: samaki wapimwe nchi kavu kwa mizani yenye alama ya uhakiki, wapimwe kabla ya kutiwa barafu, ili tusilipie maji, uzito uandikwe mbele ya mvuvi na mjumbe wetu, wote wawili watie sahihi, na tusinunue kwa mvuvi ambaye watu wake hawana maboya. Sharti hili la mwisho lilipingwa na wajumbe wawili, waliohofia kwamba bei ingepanda. Mwenyekiti aliwauliza kama wangemkubalia mtoto wao aende majini bila boya ili watoto wa wengine wafuturu kwa bei nafuu. Likapita.

Fedha ile ni sadaka ya watu, nyingine zilitolewa shilingi mia mia na kina mama wa darsa la Jumatano. Kwetu sisi amana yake haimaliziki kwenye risiti. Inafika hadi kwenye kidole gumba cha aliyevua, na hadi kwenye mshale wa mizani. Wazazi ambao vijana wao watakwenda Mtera likizo hii, wapeni sabuni na boya pamoja na dua. Na nyumbani, siku mtakapokuwa na mizani mpya, chukueni chupa ya lita moja, ijazeni maji, na muwaite watoto waje waone mshale unasimama wapi.