Mwenye Kutenda na Mwenye Kutendesha: Barua kutoka Leicester

Ndugu yangu Mwalimu,

Waraka wako umenifikia, na maulizo uliyoyaleta kwa niaba ya wanafunzi wako nimeyasoma kwa furaha, kwani ni mambo ambayo mtu aishiye katika nchi hii hukutana nayo kila kukicha, dukani, kazini na zahanatini, asipate wasaa wa kukaa akayatafakari. Wanataka kujua kwa nini Mwingereza husema "I made him go" pasipo kile kineno "to", kisha papo hapo akasema "I got him to go" na kukidai kineno hichohicho kwa ukali, ilhali sentensi zote mbili, kwa jinsi wanavyozifahamu, zina maana ya kumfanya mtu aende.

Kwetu sisi jambo hili limekunjwa ndani ya kitenzi chenyewe: maji huchemka, mpishi huyachemsha, mtoto hulala, mama humlaza, kijana husoma, ami yake humsomesha, na mwenye dhiki akikopa, basi yuko mwenye nafasi aliyemkopesha. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, aliwaeleza wenziwe kauli hii katika kitabu chake cha mwaka 1870. Waingereza nao hapo kale walikuwa na kitu cha namna hiyo, kwani mababu wa lugha yao walikuwa wakibandika kiambishi mwishoni mwa kitenzi, nacho kikaigeuza irabu ya katikati, kisha chenyewe kikafifia na kupotea, kikaacha athari yake katika jozi chache tu: "sit" ni kukaa na "set" ni kuweka, "fall" ni kuanguka na "fell" ni kuangusha mti, "drink" ni kunywa na "drench", ambayo leo wengi huifahamu kuwa ni kurowesha, asili yake ni kunywesha, na wafugaji wa kondoo wangali wakiitumia hivyo wampapo mnyama dawa ya minyoo kinywani. Vitenzi vingine havibadiliki hata kidogo, kwa kuwa maji "boil" na mpishi naye huyafanyia "boil", ukabaki kumtambua mtendaji kwa mahali alipokaa katika sentensi.

Basi walipokosa kiambishi wakaazima vitenzi vingine viwafanyie kazi hiyo, na katika kuviazima wakavigawia madaraka mbalimbali. "Make" ni ya shurti: ukisema "She made him apologise", umeshuhudia kwamba yule bwana aliomba radhi moyo wake ukiwa haumo, au angalau hakuwa na njia nyingine, kama asivyokuwa na njia mtu anayechekeshwa. "Let" ni ya idhini: mtendaji alikuwa na hamu tangu zamani, na mwenye amri hakufanya ila kumwondolea kizuizi. "Get" ni ya juhudi: baina ya yule anayetaka na yule anayetenda pamepita kubembeleza, au ahadi, au hila, au subira ndefu. "Have" ni ya hadhi, nayo ndiyo iliyo ngumu kwa mgeni kuliko zote: tajiri anaposema "I'll have my clerk ring you", hakumlazimisha karani wala hakumbembeleza, bali amesema tu, kwa sababu kazi ya karani ni kuambiwa, na wala haimpitikii msemaji kwamba huenda asitiiwe.

Mimi hupenda kuwaambia vijana, ijapokuwa si kanuni ya wanazuoni, kwamba ile "to" inayoandama "get" ni ule mwendo uliopo baina ya ombi na tendo. Usilishike neno hili kwa nguvu sana, maana katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 hata "make" mara nyingi ilikuwa ikifuatwa na "to", na leo hii, sentensi ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, kineno hicho hurudi: "He was made to wait". Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye "he made me to go" hakuropoka, ila amechelewa karne kadhaa, na mtahini atampigia mstari mwekundu. "Let" nayo haipendi kutendwa, hata wenyewe hukimbilia "was allowed to". Na "have" haitendwi kabisa katika maana hii.

Nilipofahamu barabara tofauti ya vitenzi hivi si katika kitabu, bali katika nyumba ya kutunzia wazee ninamofanyia kazi, ambamo kila mwisho wa zamu tunaandika yaliyopita. Mzee akikataa chakula, nawe ukakaa naye, ukamzungumzia habari za mpira na za mkewe marehemu mpaka akala vijiko kadhaa, utaandika "got him to eat a little", na kila asomaye atakusifu kwa upole wako. Ukiandika "made him eat", mezani ni mlo uleule na vijiko ni vilevile, lakini utaitwa ofisini ujieleze, kwa sababu neno hilo limeshuhudia dhuluma: sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005, ihusuyo uwezo wa mtu kujiamulia, huanza na dhana kwamba kila mtu mzima anao uwezo huo mpaka ithibitike vinginevyo. Sisi tungeandika "nimemlisha" tukapumzika, na msomaji asingejua kama tulibembeleza au tulimshika taya, ila tungeongeza "kwa nguvu" au "kwa hiari yake". Sisemi kwamba lugha yetu ina upungufu, kwani ina njia ya kuyasema hayo yote. Nasema kwamba haimshurutishi msemaji kuyasema.

Lipo umbo la pili, ambalo wanafunzi wako hawajaliuliza lakini watalikuta: "I had my hair cut", "We're having the roof mended". Kitendo kimetajwa, kilichotendwa kimetajwa, aliyeagiza ametajwa mwanzo kabisa, na aliyefanya kazi hayumo. Sisi hapa hatuna haya: mtu ambaye hajawahi kushika mwiko wa kuashia atakuambia "nimejenga nyumba", ukampongeza, na ingawa tunaweza kusema "nimeshonesha kanzu", wachache hujisumbua. Katika mji huu wa Leicester, ambako Wahindi wengi wa Uganda walihamia baada ya kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, yupo mzee mwenye duka aliyezaliwa Kampala, ambaye kwa Kiingereza aliniambia "I've had the shop painted", kisha alipogeukia Kiswahili chake, ambacho bado ni chepesi kinywani mwake, akasema "nimepaka duka rangi". Waliopaka ni vijana wawili wa Kipolandi, na hawakutajwa katika lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Lakini Kiingereza, hata kisipomtaja, kinakiri kwamba yupo, kwa kuwa "had it painted" ni sentensi yenye kiti kitupu, na kila asikiaye hujua kwamba kina mwenyewe. Nadhani ndiyo maana umbo hili hunigusa kuliko mengine. Wengi wetu tuliokuja ughaibuni kazi yetu ni kukalia kiti hicho: madirisha ya mabenki husafishwa, mashuka ya hospitali hufuliwa, mizigo ya usiku hupangwa, na mwenye mali husema asubuhi kwamba ameyafanyiza hayo yote, naye hasemi uongo.

Waonye tu wanafunzi kwamba umbo hilohilo huweza kuwa na maana ya msiba: "He had his car stolen" aghalabu haina maana kwamba aliagiza wezi, bali kwamba jambo limemfika. Kinachoamua ni akili ya msikilizaji, si nahau.

Katika kuwafundisha, waanzishe na nyumba yoyote inayojengwa karibu na skuli. Wamtaje mwenye nyumba, fundi, kibarua na mchota maji, kila mmoja kwa tendo lake. Kisha waseme ni nani aliyeshurutishwa, nani aliyebembelezwa, nani aliyeambiwa tu, na hapo ndipo uwape "make", "get" na "have", maana kila neno litakuwa na mtu wa kuandamana naye. Sentensi zenye kumficha mtendaji zije mwisho. "Help" usiitolee jasho, kwa kuwa hukubali "to" na hukubali kuikosa, na mtahini hana neno.

Nisalimie mama na shangazi, na umwambie mpwa wetu kwamba kamusi yake nimeshaipata, nitaipeleka na msafiri wa kwanza.

Wasalaam,
Kaka yako