Hema la Watu Wawili Katika Mwitu wa Disney

Msomaji mpenzi, leo naomba tusafiri pamoja, wewe baba na wewe mama, mpaka Florida, jimbo la kusini-mashariki ya Marekani. Watoto waacheni kwa nyanya yao, maana safari hii ni ya watu wawili tu: mume na mke, hema moja, siku tatu. Nauli hatulipi, kwa sababu twasafiri kwa kusoma. Lakini yote nitakayowaonyesha yapo kweli, na mwenye fedha aweza kuyaona kwa macho yake.

Jina la Walt Disney bila shaka mmekwisha kulisikia, hasa kwa ajili ya sinema zake za yule panya Mickey. Bwana huyu alizaliwa mjini Chicago mwaka 1901. Mwaka 1955 alifungua huko California mji wa michezo ulioitwa Disneyland, wenye gari-moshi, mashua, ngome na pembea za kila namna. Watu walifurika. Basi akaona heri atafute mahali pengine, penye nafasi kubwa zaidi, akapata Florida. Ardhi aliinunua kimya kimya kwa majina ya makampuni mengine, ili wenye mashamba wasijue mnunuzi ni nani wakapandisha bei. Jumla ilipita ekari 27,000, na sehemu kubwa ilikuwa misitu na vinamasi.

Lakini binadamu hupanga asijue siku zake. Tarehe 15 Desemba 1966 Walt alifariki, kabla mji ule wa Florida haujajengwa. Kaka yake, Roy, aliyekuwa mzee tayari wa kupumzika, alisema kazi ya ndugu yake haiwezi kuachwa njiani. Akaisimamia mpaka milango ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na mahali pote pakaitwa Walt Disney World, jina la nduguye likitangulia. Kabla mwaka ule haujaisha, Roy naye akafariki.

Mwezi mmoja na nusu baada ya ufunguzi, tarehe 19 Novemba 1971, ilifunguliwa pia kambi ya mahema. Yaitwa Fort Wilderness, maana yake ni kama kusema Boma la Nyikani. Ina ekari 750 hivi za misonobari na miti mingine ya porini, kando ya ziwa liitwalo Bay Lake. Huko ndiko tuendako.

SWALI LA MTU WA KIJIJINI

Najua swali lenu. Mtu ana nyumba ya matofali, kitanda na godoro. Yawaje aviache akalale chini ndani ya kitambaa, tena alipe? Wengi wetu tumelala katika vibanda vya shambani kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, na hakuna aliyetudai ada. Kucheka kuna haki yake.

Jibu la kwanza ni fedha. Karibu na mji ule wa michezo hoteli ni nyingi, na zile zilizo ndani yake ni za bei kali. Kiwanja cha kupigia hema kwa kawaida ni nafuu kuliko chumba, na watu hata kumi waweza kukaa katika kiwanja kimoja. Jibu la pili litajionyesha lenyewe tukifika.

IJUMAA: KUSIMAMISHA NYUMBA

Viwanja hukabidhiwa kuanzia saa saba mchana. Karani akupa namba yako, nawe waendesha gari lako polepole mpaka huko. Baada ya hapo gari hupumzika. Ndani ya kambi watu hutembea kwa miguu, kwa baisikeli, kwa basi la kambi, au kwa vigari vidogo vya umeme vinavyokodishwa.

Kila kiwanja kina bomba la maji, umeme, meza ya mbao yenye mabenchi yake, na jiko la makaa la kuchomea nyama. Nyumba za kuogea ziko karibu, nazo zina maji ya moto, vyoo safi na mashine za kufulia nguo. Kwa hiyo mnaona ya kuwa nyika hii imefugwa kama ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo nyumba hamkuikuta. Nyumba ni hilo fungu la kitambaa lililo garini, na hapana fundi wa kuwasimamishia.

Kwanza tandikeni turubai chini, ili unyevu usipande. Chagueni mahali palipoinuka kidogo, kwa maana mvua ya Florida haibishi hodi; wakati wa kiangazi chao, mwezi Juni hata Septemba, ngurumo na mvua huja karibu kila alasiri. Kisha mmoja ashike mti wa hema, mwingine avute kamba na kupiga vigingi. Hapo ndipo ndoa hupimwa kwa kamba. Baba ataka kuvuta kwa nguvu. Mama aona ya kuwa upande wa pili umelegea. Akiwa hasikii, hema lapinda na usiku maji yaingia. Mkisikilizana, kwa nusu saa nyumba imesimama, nanyi wawili mwaitazama kama watu waliojenga ghorofa.

Hilo, wapenzi wasomaji, ndilo jibu la pili. Wengi wa wanaokuja huku ni watu wa mijini. Mume aondoka alfajiri kwa kazi yake, mke kwa yake, na jioni kila mmoja ameshika simu yake. Huenda mwaka mzima ukapita wasifanye kazi moja ya mikono pamoja. Hemani hakuna njia nyingine: mmoja akoleza makaa, mwingine akata vitunguu, na taa ni moja.

JIONI BILA TIKETI

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni hili: anayelala kambini aweza kupata jioni nzuri bila kununua tiketi ya mji wa michezo.

Nendeni kwanza kwenye mazizi ya farasi. Farasi wakubwa wavutao magari ya abiria katika barabara kuu ya Magic Kingdom, yaani Ufalme wa Maajabu, hutunzwa hapa kambini, na mgeni aweza kuwatazama. Halafu kuna moto wa jioni, ambapo watu huketi na kuimba pamoja, na watoto huchoma kwa vijiti peremende nyeupe laini mpaka zikawa rangi ya kahawia.

Usiku ukiingia, shukeni mpaka mchangani kando ya ziwa. Ng'ambo ile waona mwanga wa Ufalme wa Maajabu, na fataki zikirushwa waziona zikipasuka juu ya miti. Tangu mwaka 1971 pamekuwapo pia msafara wa mashua zilizofungwa pamoja, zenye taa zenye umbo la nyangumi, kasa na samaki, ukipita majini usiku huku ukipiga muziki. Mume na mke waliokaa mchangani na shuka moja mabegani hawahitaji kiti cha dola nyingi.

JUMAMOSI: HARAMBE

Siku ya pili hapana budi mchague, na uchaguzi huu wataka hesabu. Miji ya michezo ni minne: Magic Kingdom wa mwaka 1971, EPCOT wa mwaka 1982, ule wa mambo ya sinema wa mwaka 1989, na Animal Kingdom, Ufalme wa Wanyama, uliofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Tiketi ya siku moja kwa mtu mzima mmoja hupita dola 100. Basi watu wawili wametoa zaidi ya dola 200 kabla hawajanunua hata chupa ya maji. Kwa hiyo wenye busara huchagua mmoja tu, huenda asubuhi na mapema, na hubeba mikate yao.

Mimi nawachagulia Ufalme wa Wanyama, na sababu mtaiona mara moja. Mwapanda basi kutoka kambini, mwapita langoni, na katikati mwaona mti mkubwa mno, wenye urefu wa meta 44, uliochongwa sura za wanyama zaidi ya 300 katika shina lake. Mti huo haukuota. Ulijengwa na watu, na mifupa yake ni ya chuma, ya namna itumiwayo kuchimba mafuta baharini. Mkizidi kwenda, ghafula mwakuta kijiji chenye kuta za chokaa zilizochubuka na maandishi ya Kiswahili ukutani. Mhudumu awasalimu: “Jambo!”

Kijiji hiki chaitwa Harambe. Ni neno letu harambee lililopunguzwa herufi moja. Waliokibuni walisafiri Afrika ya Mashariki, nao walikitengeneza kwa kufuata mfano wa mji wa Lamu, pwani ya Kenya. Kutoka hapo malori yaliyo wazi pande zote huchukua wageni kutazama wanyama walio hai: twiga, tembo, kifaru, kiboko, simba. Safari hiyo imepewa jina la Kilimanjaro. Wanyama ni wa kweli, lakini mibuyu mikubwa mtakayoiona ni ya kutengenezwa. Na si mbali na hapo imejengwa hoteli, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo sehemu zake zimeitwa Jambo na Kidani, na mikahawa yake imepewa majina ya Boma, Jiko na Sanaa.

Mtasema nini? Huenda mtacheka tena. Watu wavuka nchi na bahari, walipa dola mia na zaidi, ili waone ukuta uliochubuka kwa makusudi, waketi chini ya mbuyu usiozaa ubuyu, na waambiwe Jambo. Mama, wewe ubuyu wauokota bure. Lakini tusiwadharau. Mtu asiyeweza kufika Lamu ameonyeshwa kivuli cha Lamu, na pengine kivuli kitamfanya aitamani Lamu yenyewe. Tena ni vema sisi nasi tujiulize kama twaviona vitu vyetu kwa macho ya kushangaa hata mara moja kwa mwaka, au twangoja mgeni aje atuonyeshe.

YA KUANGALIA SANA

Msidhani kwamba nyika iliyofugwa haina meno. Maziwa ya Florida yana mamba wa aina ya huko. Mwaka 2016, kando ya ziwa lililo karibu, mbele ya hoteli mojawapo ya hapo, mamba alimkamata mtoto mdogo akafa, na tangu siku zile mabango ya onyo na vizuizi vimewekwa kandokando ya maji. Kuoga ziwani ni marufuku. Watu huogelea katika mabwawa yaliyojengwa. Basi mnapoketi mchangani usiku, keteni mbali na maji.

Chakula msikiache nje. Kuna mnyama mdogo aitwaye rakuni, mwenye mkia wa pete na vidole vyepesi kama vya mwizi, ambaye hufungua makopo usiku. Vilevile wakati wa tufani, kuanzia Juni hata Novemba, hapana budi kusikiliza habari za hali ya hewa. Oktoba 2024, tufani iliyoitwa Milton ilipokaribia, kambi ilifungwa kabla haijafika, na wageni wakaondoka. Hema si nyumba ya kushindana na tufani. Kwa watu wa mahema miezi mizuri ni ile ya baridi, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Machi. Lakini blanketi zisisahauliwe, maana usiku waweza kuwa wa baridi kama kwetu milimani.

JUMAPILI: KUKUNJA

Asubuhi ya tatu ni ya kukunja, maana saa tano kamili kiwanja chatakiwa na mwingine. Hema huwa na umande. Mkilikunja likiwa bichi litaota ukungu na kunuka, kwa hiyo lipangusweni, mligeuze juani, mnywe chai huku likikauka. Kisha shikeni pembe mbili mbili, kama watu wanaokunja shuka kubwa, mwendeane mpaka mikono ikutane. Mtu mmoja peke yake hulikunja vibaya. Halirudi ndani ya mfuko wake.

Sasa tumekwisha kurudi nyumbani, nanyi mwauliza safari hii yawafaa nini watu wa kijijini. Nasema hivi. Katika siku zile tatu vilivyogharimu sana vilikuwa tiketi na vitu vya dukani. Vile ambavyo mume na mke wataendelea kuvisimulia wakiwa wazee ni kamba iliyolegea, chai ya asubuhi, na yale waliyoambiana gizani watoto wasiposikia. Hivyo havikuwa na bei langoni.

Nasi tunazo kazi zetu za watu wawili: kukung'uta mkeka, kutwanga kwa michi miwili, kuezeka banda, kupeta maharagwe jioni. Lakini mara nyingi baba huondoka kwenda kilabuni, na mama hubaki na kazi peke yake kana kwamba ni mjane. Basi juma hili, ewe baba, kazi moja tu ichague. Usimwambie mkeo ni kwa sababu umesoma gazetini. Shika pembe yako ya mkeka, naye ashike yake.