MOYO NAO UNA MITAMBO YAKE

Ndugu msomaji, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako. Utasikia mapigo ya moyo. Kwa siku moja moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000. Haupumziki usiku, wala sikukuu. Nguvu hizo unazipata wapi?

Sisi watu wa Ngara tutaelewa upesi, kwa sababu tunayo Rusumo. Pale maji ya mto Kagera huzungusha mitambo mitatu. Mitambo hiyo ina uwezo wa kutoa umeme wa megawati 80, nao tunagawana na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi.

Sasa, mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya kila chembe ya msuli wa moyo mna vitu vidogo zaidi, vingi sana. Huitwa mitokondria. Hizo ndizo mitambo ya moyo. Zimejaza karibu theluthi moja ya chembe hiyo. Hupokea chakula tulichokula na hewa tuliyovuta, kisha hutoa nguvu. Nilisoma kwamba hata humo ndani mna kitu kinachozunguka kama mtambo wa Rusumo, nikacheka peke yangu. Tena mitokondria zako umezirithi kwa mama. Baba hana fungu hapo.

Presha ikipanda miaka mingi bila dawa, moyo hufanya kazi kama mtu anayepanda mlima na gunia la maharage kichwani. Msuli wake hunenepa, kisha huchoka. Mitokondria huharibika, nguvu hupungua. Damu haisukumwi vizuri, maji hubaki mwilini. Miguu huvimba. Mgonjwa akilala chali hukosa pumzi.

Shangazi yangu aliyeolewa Biharamulo yalimpata hayo. Majirani walisema amekanyaga dawa njiani. Akazungushwa kwa waganga miezi mingi. Mwishowe tulimpeleka hospitali, presha ikakutwa iko juu sana. Akapewa dawa ya kukojoa maji na dawa za presha. Baada ya wiki mbili miguu ikarudi kama zamani, naye akaacha dawa.

"Nimepona, vidonge vya nini tena?" aliniuliza.

Mwezi haukuisha, akavimba tena. Nikamwambia, "Shangazi, dawa inapunguza mzigo wa mitambo. Ukiiacha, mzigo unarudi." Alinyamaza. Siku hizi vidonge vyake anaviweka kwenye kopo lililokuwa la chumvi. Chumvi yenyewe tumempunguzia, maana huzuia maji mwilini.

Hayuko peke yake. Madaktari wa Muhimbili waliwachunguza wagonjwa wa namna hii, wakatoa matokeo mwaka 2014. Karibu nusu yao, chanzo kilikuwa presha. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Mwaka 2015 walieleza jambo jingine: karibu nusu walipungukiwa na madini ya chuma. Na mitokondria bila chuma hazifanyi kazi vizuri. Maharage na dagaa vina chuma, tuvile. Lakini kwa mgonjwa wa moyo aliyepungukiwa, chakula peke yake huenda kisitoshe. Daktari anaweza kuamua kumtia chuma kwa mshipa.

Ipo pia dawa ya kisukari iitwayo dapagliflozini. Mwaka 2019 ilionekana kuwasaidia wagonjwa wa moyo, hata wasio na kisukari. Wataalamu wanachunguza kama inasaidia mitokondria. Dawa ya kuzitengeneza moja kwa moja katika moyo uliochoka bado inatafutwa.

Kwa hiyo ukiamka usiku kutafuta hewa, au miguu ikivimba, nenda zahanati ukapimwe presha. Nawe mama uliyejifungua karibuni, usiseme ni uchovu wa uzazi tu. Moyo huweza kushindwa hata miezi mitano baada ya kujifungua.