Injini ya Mwembe

Mwaka 1993 nilinunua injini ya ndege, nikaiweka sebuleni kwangu Magongo, Changamwe. Ndege yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na mbavu 11 za bawa moja nilizozitundika ukutani kwa misumari, na bunda la michoro ya ndege ya viti viwili niliyoiagiza Marekani kwa posta. Nilikuwa na miaka 14 katika kazi ya injini za ndege, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Kilichonitia haraka ni shilingi. Waliokuwa watu wazima mwaka ule watakumbuka. Dola tuliyoizoea kwa shilingi thelathini na kitu ilianza kukimbia, na kabla mwaka kwisha ilishapita sitini. Changamwe nzima watu walikuwa wakinunua chochote ambacho bei yake ingepanda wao wakiwa wamelala: mabati, saruji, magunia ya mchele. Ikatokea ndege ndogo, Cessna 152 iliyokuwa imeegeshwa, ikaangukiwa na mti. Mkia ulikwisha, bawa la kushoto likakunjika, lakini injini haikuguswa, wala haikuwa ikizunguka. Pangaboi likigonga kitu injini ikiwa inakwenda, lazima ifunguliwe kranki ikaguliwe. Hii ilikuwa imelala usingizi wake tu. Ilikuwa Lycoming O-235, nguvu za farasi 110. Kitabu chake kilionyesha ilifunguliwa yote na kuundwa upya mwaka 1988, na tangu hapo ilikuwa imefanya saa 900. Mwenye kuiunda huipa saa 2,400. Nikaona saa 1,500 za kuruka zinauzwa kwa bei ya bure. Nikakopa katika chama cha akiba cha kazini, nikaibeba kwa pikapu.

Nimezaliwa Mtongwe, Likoni, mwaka 1957, na mjomba wangu aliyenilea alikuwa fundi wa mashua. Utoto wangu ni kupachika pamba ya kalafati baina ya mbao na kunusa sifa, mafuta ya papa ambayo hayatoki kwenye nguo hata ufue mara ngapi. Nikiwa na miaka 22 nilivuka feri nikaenda kuwa mwanagenzi Port Reitz, katika karakana ya ndege ndogo zilizopeleka watalii Mara na Lamu. Baadaye nikapelekwa Embakasi kusomea. Kazi yenyewe si ya ajabu kama watu wanavyodhani. Kila ndege ikimaliza saa zake tunamwaga oili, tunakata chujio, tunakunjua ile karatasi ya ndani polepole juani na kutafuta chengachenga za chuma. Chenga mbili tatu, unaandika na kungoja. Kijiko kizima, ndege hairuki. Nilikunjua karatasi hizo miaka 38 na hadi mwisho nilikuwa nikishika pumzi.

Mjomba aliposikia nimenunua injini alipanda matatu akaja kuitazama. Aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Mjomba, hii mashine chombo chake ki wapi?"

Nikamwonyesha mbavu ukutani. Alicheka hata akakaa kitako.

"Basi umenunua tandiko, punda hajazaliwa."

Kisha akanieleza, bila mzaha sasa, kwamba katika maisha yake amekataa kazi za watu waliokuja na mashine mkononi kabla ya mkuku kulazwa. Si kwa roho mbaya. Mtu akishanunua mashine, fedha za mbao zimekwisha, chombo kinabaki juu ya magogo na mchwa wanakula taruma. Na kuna lingine, akasema: mwenye mashine nyumbani hujiona tayari ni nahodha. Nilimsikiliza kwa adabu na moyoni nikamweka katika wale wazee wasiojua ndege.

Injini niliihifadhi kama vitabu vinavyoagiza, angalau mwanzo. Nilimwaga oili ya kawaida, nikatia oili ya kuhifadhia, nikaziba matundu yote, na mahali pa plagi nikafunga vichupa vyenye chembe zinazonyonya unyevu. Chembe hizo zikiwa kavu ni za buluu. Zikishiba maji hugeuka waridi. Kwingine duniani huchukua miezi kugeuka. Kwangu Magongo, upepo wa kusi ukiingia dirishani na chumvi yake, wiki chache tu zilitosha. Nilikuwa nikizikausha kwenye sufuria juu ya makaa, na mama watoto akaniambia hiyo sufuria nisimrudishie tena. Juu ya injini nilitandaza leso yake kuukuu yenye jina lisemalo mgeni njoo mwenyeji apone.

Na wageni walikuja kweli. Hapo ndipo penye kosa langu kubwa, na nimelificha miaka mingi. Nilifunga kipande cha mbao kwenye shingo ya kranki, na kila aliyekuja kunijulia hali nilimwambia aizungushe kidogo asikie pistoni inavyopumua. Puuf! Watu walifurahi, na mimi nikapata sifa. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza anajua injini iliyohifadhiwa haizungushwi kwa mkono, kwa sababu pete za pistoni zinafuta oili ukutani mwa silinda na kuacha chuma uchi. Nilikuwa nikiwakemea vijana karakana kwa jambo hilo hilo, kisha jioni narudi nyumbani kulifanya.

Agosti 1997 vurugu zilizuka Likoni. Watalii wakakatika, na ndege ndogo zikakaa chini. Kazini tukapewa likizo isiyo na malipo. Baadaye mwaka huo huo ikaja mvua ya El Niño, iliyonyesha hata nguo za kabatini zikaota ukungu. Sikuwa na fedha ya bati la bawa wala moyo wa kukausha chembe. Zilibaki waridi. Mkopo wa injini nao ulikuwa haujesha, kwa hiyo nilikuwa nalipia kila mwezi kitu kilichokuwa kikifa sebuleni.

Niliifungua mwaka 2003. Ndege ilikuwa imepata mabawa mawili na nusu ya mwili, nikaona nikague kabla ya kuendelea. Nilitoa silinda moja na kumulika tochi ndani. Katika Lycoming kamshafti iko juu, juu ya kranki, kwa hiyo injini ikikaa oili yote hushuka chini na kuiacha kamshafti kavu peke yake. Nilipitisha ukucha juu ya uvimbe wake wa kwanza, mahali panapotakiwa kuteleza kama kioo. Ukucha ukakwama. Nikajaribu wa pili, ukakwama. Vishimo vidogo vidogo, vyekundu, kama uso ulioponea ndui. Kuta za silinda zilikuwa na rangi ya chai.

Kuibadilisha kamshafti hiyo ni lazima upasue ganda lote la injini katikati, na ukishapasua, unaunda upya kila kitu. Gharama ilipita bei niliyonunulia. Tena hata kama isingeshika kutu, mwenye kuiunda ana hesabu ya kalenda kando ya hesabu ya saa: miaka 12 tangu kufunguliwa, iwe imeruka au haikuruka. Miaka yangu ilikuwa imeisha 2000. Niliuza magneto, kabureta na vipande vingine kwa mafundi wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Leso ilirudi kwa mwenyewe.

Katika kujifariji nikasoma habari za ndugu Wright. Walikwenda Kitty Hawk miaka mitatu mfululizo, 1900 hadi 1902, na vyombo visivyo na injini, wakajifunza kwanza kugeuka na kutua. Walipokuwa na hakika ya mabawa ndipo wakatafuta injini. Hakuna kampuni iliyowapa waliyoitaka, na fundi wao Charlie Taylor akaiunda kwa wiki sita. Nguvu za farasi 12! Mwaka 1903 mshindani wao Samuel Langley alikuwa na injini ya farasi 52, nzuri kuliko zote za wakati wake, na ndege yake ikatumbukia mto Potomac mara mbili, ya pili ikiwa siku tisa kabla ya ndugu Wright kuruka. Mjomba alikuwa ameshafariki niliposoma hayo. Ningependa angemjua Taylor.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bila injini mkononi utajuaje kiunzi cha kuibebea kikae wapi? Utajuaje uzito wa pua, wakati ndege yenye mkia mzito ni kaburi? Wanaosema nunua mapema husema kwa sababu hiyo, na sikuwa na jibu hadi nilipostaafu 2017 na kuhamishia kazi uani kwa mwanangu, Mtopanga, Kisauni. Jirani yake ni seremala. Nilikuwa nimeamua injini itakuwa Rotax 912 ya farasi 100, inayotengenezwa Austria, kwa sababu inatumia petroli ya kituo cha kawaida na kwa sababu michoro inaikubali. Vipimo vyake vyote vimechapishwa. Nikampa seremala karatasi, akanichongea injini kwa mbao za mwembe: silinda nne, matundu ya bolti mahali pake, bomba la moshi, hata kichujio cha oili. Ndani tukaacha uwazi. Tukajaza mchanga na vipande vya risasi, tukapima kwa mizani ya muuza viazi wa Kongowea, hadi ikafika kilo zile zile za injini yenye maji na oili yake.

Ile mbao imenifundisha zaidi ya chuma kilichokaa sebuleni miaka kumi. Ilituonyesha bomba la moshi lingepita shibiri moja tu kutoka kwenye mpira wa petroli. Na kwa kuwa Rotax ni nyepesi kuliko Lycoming, betri niliyokuwa nimeiweka nyuma ya kiti ilibidi ihamie mbele. Vijana wa mtaa huja na kuuliza kwa nini nisitie injini ya gari la Probox nimalize maneno. Wamesikia habari za Gabriel Nderitu, aliyejenga ndege yake kwa injini ya Toyota karibu mwaka 2010. Ninawaheshimu wote wanaothubutu. Lakini injini ya gari hutoa nguvu zake ikizunguka kasi ambayo pangaboi haliitaki, na sina miaka mingine ishirini ya kuunda gia.

Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika shilingi 160. Mwanangu alinipigia simu usiku. "Baba, nunua sasa, kesho itakuwa mia mbili." Sauti ilikuwa yangu mwenyewe ya 1993. Nilimwambia injini ya Rotax nayo ina kalenda yake, miaka 15, na sitaki iishe injini ikiwa imekaa tu nyumbani. Kufika Aprili dola ilikuwa imeshuka karibu na 130. Sikumtambia, ingeweza kupanda pia, na bado nisingenunua.

Vimebaki kioo cha mbele, nyaya za dashibodi, breki na kibali cha kuruka. Kioo na nyaya na breki vikiisha, siku hiyo hiyo nitaagiza injini. Hadi sasa puani mwa ndege yangu kuna mwembe, na kuku wa mwanangu wanalala juu yake.

Na wewe uliyeweka injini ya boti au ya ndege chini ya kitanda ukingoja chombo, toa plagi moja leo, umulike ndani.